Nani kamfikia Bond wa kitabuni? Namna ya kuwalinganisha waigizaji bila kugombana

Ubishi wa James Bond yupi mkali huwa unaanza vizuri, halafu baada ya dakika tano kila mtu anamtetea yule aliyemuona akiwa mdogo. Aliyekua na Roger Moore anasema Moore, aliyekua na Brosnan anasema Brosnan, basi hapo hakuna kulinganisha tena, ni kumbukumbu za utoto zinapigana. Ila kama swali lako ni lile lingine, yaani kati yao nani kamfikia yule Bond aliyeandikwa na Ian Fleming, hilo lina njia ya kulitafutia jibu, maana vitabu vipo na muvi zipo, unaviweka pamoja unakagua. Nimeshafanya hivi mara kadhaa na nimeshakosea mara kadhaa, kwa hiyo nakupa njia ninayotumia sasa hivi baada ya makosa yangu yote.

Soma kabla hujatazama. Najua karibu wote tulianza na muvi, hata mimi, na nilipofungua kitabu cha kwanza kila sentensi namsikia Sean Connery anaongea, ikabidi nikiweke chini. Dawa niliyoipata ni kuanza na kitabu ambacho hakifanani kabisa na muvi yake. Moonraker ya 1955 inafaa sana kwa hili, kwa sababu humo Bond hatoki Uingereza hata siku moja, kuna meza ya karata, kuna roketi, na kuna jamaa amekaa ofisini anapitia mafaili huku siku haziendi. Muvi ya 1979 yenye jina hilo hilo imempeleka hadi angani. Kwa hiyo ukisoma, kichwa hakina picha ya kukopa, kinalazimika kumjenga mtu upya. Usianze na The Spy Who Loved Me, humo anayesimulia ni mwanamke anaitwa Vivienne Michel na Bond mwenyewe anatokea hadithi imeshakwenda mbali, na Fleming aliwaruhusu watu wa muvi watumie jina tu, hadithi hapana.

Vitabu vyote vya Fleming ni 14, riwaya 12 na mikusanyo 2 ya hadithi fupi, kuanzia Casino Royale ya 1953 hadi mkusanyo wa 1966 uliotoka mwenyewe ameshafariki (alifariki Agosti 1964). Huhitaji vyote. Chukua Casino Royale, Moonraker, From Russia, with Love, kurasa za mwanzo za Goldfinger na hadithi fupi ya The Living Daylights. Ukiwa na muda ongeza On Her Majesty's Secret Service. Zinatosha kabisa kumjua huyu mtu.

Sasa tengeneza faili. Bahati nzuri Fleming kakurahisishia kazi, kwenye From Russia, with Love ya 1957 majasusi wa Kisovieti wanasoma faili la Bond wanapopanga kumuua, na lile faili ni kama limeandikwa kwa ajili yetu: urefu sentimita 183, uzito kilo 76, mwili mwembamba, macho ya bluu, nywele nyeusi, kovu kwenye shavu la kulia na lingine bega la kushoto, alama za upasuaji mgongoni mwa mkono wa kulia, anajua bastola, ngumi na kurusha visu, anaongea Kifaransa na Kijerumani, anavuta sigara sana, anakunywa lakini hapitilizi, na wanawake. Nakili hayo kwenye daftari. Ongeza vya vitabu vingine, ile nywele inayoanguka juu ya nyusi ya kulia kama alama ya koma, na maneno ya Vesper, mwanamke wa Casino Royale, kwamba jamaa anamkumbusha Hoagy Carmichael, mwanamuziki wa Marekani, ila kuna kitu cha baridi na cha ukatili ndani yake. Tafuta picha ya huyo Carmichael. Uso mrefu, mashavu yamebonyea, anaonekana kama mtu aliyekesha. Halafu rudi umtazame Connery anatoka baharini, mtu aliyewahi kupanda jukwaani kwenye mashindano ya watunisha misuli, kisha usome tena kilo 76 kwa urefu wa 183. Hao sio mtu mmoja jamani. Yaani tangu muvi ya kwanza ya 1962 mwili ulishakosewa na dunia nzima ikapenda.

Ndiyo maana nasema sura usiipe alama nyingi. Mimi naipa 2 kati ya 10, basi. Ukiipa nyingi utaishia kusema Brosnan kashinda, kwa sababu nywele nyeusi, macho ya bluu, hana minyama mingi, na kesi imeisha, wakati bado hujatazama hata sini moja. Halafu sura inamuonea Daniel Craig, nywele zake ni za njano na ndiye mfupi kuliko wenzake, na kabla hata muvi yake haijatoka watu walishamkataa kwa ajili ya nywele. Lakini mbona hakuna anayelalamika kuhusu kovu la shavuni? Hakuna hata mmoja kati ya wale sita waliomuigiza aliyewekewa. Connery hana, Moore hana, wote nyuso safi. Tukianza kukata alama kwa vipodozi tuwakate wote.

Umri ndio unasaidia zaidi kidogo kuliko sura. Kitabuni Bond yuko kwenye thelathini na kitu, na Moonraker inasema wazi kwamba ukifika miaka 45 unaondolewa kwenye kitengo cha wenye namba za 00, yaani wenye ruhusa ya kuua, unapewa kazi ya mezani. Sasa piga hesabu. Connery alianza akiwa na 32, Lazenby 30, Dalton 41, Brosnan 42, Craig 38. Roger Moore muvi yake ya kwanza ilipotoka 1973 alikuwa na 45, yaani Bond wa kitabuni angekuwa anakabidhi bastola siku ambayo Moore anaipokea, na akaendelea nayo hadi 1985 akiwa na 57. Simchukii Moore, nitarudi kwake.

Kuna mtego mmoja wa vitu. Mtu anaona Aston Martin ya kijivu anasema hapo ndipo kitabu. Sio kweli, gari la Bond kwenye vitabu vya mwanzo ni Bentley la zamani, na bastola yake kwa miaka ilikuwa Beretta ndogo hadi alipolazimishwa kuiacha akapewa Walther PPK kwenye kitabu cha Dr. No. Magari, saa, suti, vinywaji, hayo yanapangwa na watu wengine, muigizaji anavikuta. Usimpe alama kwa gari aliloegeshewa.

Sasa tufike kwenye kipimo chenyewe, na hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote: mtazame Bond akiwa hafanyi kitu.

Watu wanadhani vitabu vya Fleming ni kukimbizana mwanzo mwisho. Fungua Casino Royale ukurasa wa kwanza. Ni saa tisa za usiku, ndani ya kasino, moshi na jasho vinatia kichefuchefu, na Bond kachoka, anajijua kachoka, anajua ni wakati wa kuondoka kabla akili haijamsaliti. Huo ndio mlango aliotuingizia. Halafu kitabu baada ya kitabu jamaa anasubiri. Anasubiri uwanja wa ndege, anasubiri hotelini, anasubiri kwenye giza na bunduki, anaboreka Londoni. Ndege ikiingia kwenye dhoruba anaogopa kama mimi na wewe, ila anajifungia ndani ya kichumba fulani kichwani mwake hadi ipite. Kwa hiyo muigizaji anayepiga ngumi vizuri hajatuambia kitu, tunamtaka yule ambaye ukimuacha peke yake kwenye chumba kwa dakika moja unaona kuna mambo yanaendelea usoni.

Njia yake ni rahisi. Kwa kila muigizaji tafuta sehemu mbili ambazo haongei na hapigani, zima sauti kabisa maana ule muziki unakudanganya, unafanya hata mtu aliyesimama tu aonekane hatari. Tazama uso. Jiulize anaogopa? Kachoka? Anafikiria nini? Kama jibu ni kwamba anapendeza tu, andika hivyo hivyo, anapendeza tu. Usirudie mara kumi, mara mbili inatosha, ukirudia sana utaanza kuona vitu ambavyo havipo, hili nimelifanya mwenyewe kwa Lazenby hadi nikajiona mjinga.

Sehemu ninazotumia mimi ni hizi. Connery kwenye Dr. No, amekaa gizani anapanga karata peke yake huku anamsubiri Profesa Dent aje kumuua. Lazenby kwenye On Her Majesty's Secret Service, uwanja wa barafu, kola juu, amekimbia hadi hana pa kwenda, amekaa katikati ya watu wanaosherehekea. Moore mwanzoni mwa For Your Eyes Only, makaburini kwa mkewe. Dalton kwenye The Living Daylights baada ya mwenzake kuuawa, ameshika puto. Brosnan kwenye Tomorrow Never Dies, chumba cha hoteli Hamburg, kiti, chupa ya vodka, bastola, anasubiri. Craig kwenye Casino Royale ya 2006, mbele ya kioo bafuni baada ya kuua kwenye ngazi.

Hiyo ya Craig simama nayo kidogo. Kabla hujaitazama soma mwanzo wa kitabu cha Goldfinger. Bond yuko uwanja wa ndege Miami, ameshakunywa bourbon mbili kubwa, anawaza kuhusu kufa na kuishi, na mkono unamuuma kwa sababu kaua mtu kwa mkono huo huo huko Mexico na anajaribu kujishawishi kwamba ni kazi kama kazi nyingine. Sasa weka muvi ya Goldfinger ya 1964, mwanzo wake umetokana na mauaji hayo hayo, ila Connery anamuua jamaa kwa umeme ndani ya beseni la kuogea, anatoa kautani kuhusu kushtuka, anachukua koti lake anaondoka. Watu wanacheka, na mimi nacheka kila mara. Halafu weka Craig: damu kwenye shati, maji, glasi ya kileo inashuka kwa funda moja, anajitazama kwenye kioo anahema. Hakuna neno. Ule ndio ukurasa wa kwanza wa Goldfinger, umekuja kuonekana miaka 42 baada ya ile muvi ya Connery, kwenye muvi ya kitabu kingine kabisa, na umeletwa na yule mwenye nywele za rangi isiyo sahihi.

Hapo hapo unajifunza kanuni nyingine, usilinganishe jina na jina. Watengenezaji wamevunja vitabu vipande vipande wakavitawanya. Felix Leiter, rafiki yake Bond wa CIA, kuliwa na papa kumo kwenye kitabu cha Live and Let Die cha 1954, ila kwenye muvi utakuona 1989 kwa Dalton kwenye Licence to Kill. Bond na mwanamke kuburutwa na boti juu ya miamba ni kitabu hicho hicho, ila muvi yake ni For Your Eyes Only ya 1981. Tanzia ya Bond aliyoandika M, bosi wake, wazazi wake Andrew Bond wa Glencoe na Monique Delacroix wa Uswisi, ni You Only Live Twice ya 1964, na ukitaka kuiona nenda Skyfall ya 2012 ukasome jiwe la kaburi. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike kwa majina ya muvi, andika kwa matukio, tukio upande huu, lilipotokea kwenye skrini upande ule.

Na utenganishe muigizaji na mwandishi wa muvi, hili ndilo gumu. Profesa Dent niliyemtaja juu hayumo kabisa kwenye kitabu. Connery anamuacha amalize risasi halafu anampiga kwa utulivu wa ajabu, ni sini kali sana, lakini ni baridi kuliko Bond wa Fleming, yule kuua kunamkaa moyoni. Sasa hapo Connery kaigiza vibaya? Hapana, kaigiza alichopewa. Vivyo hivyo utani wa Moore, kitabuni Bond hana utani kiasi hicho, ila nani aliuandika? Na Lazenby ana balaa lake, pale anapojifanya mtaalamu wa nasaba Sir Hilary Bray, sauti unayoisikia sio yake, ni ya George Baker, muigizaji mwingine aliyechomekwa juu. Kwa hiyo ukisema Lazenby anaongea vizuri pale mlimani umempongeza mtu mwingine.

Ukitaka kipande kimoja cha kutazama kwa ukaribu kama huna muda wa yote, chukua The Living Daylights. Hadithi ni fupi, unaimaliza kwa kikao kimoja. Bond amewekwa kwenye chumba Berlin na bunduki, kazi yake ni kumpiga mdunguaji wa Kisovieti kabla hajampiga mtu wao anayevuka mpaka. Siku zinapita anasubiri tu, na anachofanya ni kuwatazama wanamuziki wa kike wanaoingia jengo la upande wa pili, akampenda mmoja mwenye chelo kwa macho tu, hawajawahi hata kuongea. Saa ikifika anakunywa kidogo, mwenzake pale chumbani anachukia. Dirisha linafunguka, mdunguaji ni yule yule wa chelo. Bond anahamisha shabaha, anapiga bunduki badala ya mtu. Mwenzake anasema lazima aripoti, na Bond anasema kwa uchovu kwamba labda watamnyang'anya namba yake, na unahisi kabisa angeshukuru.

Muvi ya 1987 imehamishia mambo Bratislava na kuongeza mengi, ila tukio lenyewe lipo karibu mwanzoni. Mtazame Dalton kuanzia anapoingia kwenye kile chumba. Ana haraka, ana hasira na mtu aliyepewa afanye naye kazi, hana muda wa kupendeza. Akiona ni mwanamke kuna sekunde hivi, jicho linatoka kwenye darubini ya bunduki kidogo sana, halafu anapiga. Baadaye kwenye gari mwenzake anamtishia kumripoti kwa M, naye anajibu kwamba wakimfukuza atashukuru, na anavyolisema halina mbwembwe hata kidogo, ni mtu ambaye kazi imemchosha. Tazama hiyo mara moja umetoka kuisoma na utaelewa kwa nini wasomaji wa vitabu wanamtetea Dalton kwa nguvu hivyo ingawa alifanya muvi mbili tu.

Kwa hiyo mimi nimefika wapi? Dalton namba moja, kwa sababu ya ndani, yule ni mtu aliyesoma vitabu na inaonekana. Craig anamfuata na siku nyingine nawabadilisha, ila Craig ana tatizo la kuwa mgumu mno. Tazama pale Le Chiffre, adui wa Casino Royale, anapomtesa kwenye kiti kisicho na kikalio: Craig anamdhihaki, anacheka katikati ya maumivu, wakati kitabuni hakuna mzaha, mtu anavunjika kidogo kidogo, na akija kulazwa anaogopa kama bado ni mwanaume na anataka kuacha kazi. Lazenby muvi yake ndiyo iliyoshika kitabu kuliko karibu zote hadi ule mwisho wa mke kuuawa, yeye mwenyewe ni mwepesi, lakini pale kwenye barafu anaogopa kweli na mimi namheshimu kwa hilo. Connery anayo ile baridi na anatembea kama paka, uchovu ndio hana, anafurahia sana. Brosnan ana sura, na ile ya hotelini inaonyesha alikuwa na uwezo, muvi zenyewe hazikumpa nafasi. Moore yuko mbali, nadhani hata yeye asingebisha, ila kwenye For Your Eyes Only kuna gari limening'inia ukingoni mwa genge na muuaji ndani yake, Moore analisukuma kwa teke likashuke, na kwa sekunde mbili hivi uso wake hauna mchezo wowote, unamuona Bond mwingine ambaye hatukupewa.

Ukifika hapa na mkibaki mnabishana, nina kipimo cha mwisho, na hiki hakina muvi. Rudi kwenye Moonraker, kurasa za mwisho. Bond kaokoa London, kapanga safari ya Ufaransa na Gala Brand, mwanamke aliyefanya naye kazi hiyo, anaenda kukutana naye bustanini. Gala anamuonyesha mwanaume aliyesimama mbali kidogo, anamwambia kesho mchana nafunga ndoa na yule. Hakuna busu, hakuna neno la kuchekesha, wanaagana kila mtu anashika njia yake. Hakuna aliyewahi kuigiza kipande hicho. Wachukue wote sita, mmoja mmoja, wasimamishe pale bustanini, uone nani anajua kugeuka na kuondoka.